Usiku mmoja katika orodha mbili: tamasha la The Who mjini Cincinnati, 3 Desemba 1979

Mtu akiulizwa ataje tamasha bora na tamasha baya kuliko yote aliyowahi kuhudhuria, kwa kawaida hutaja siku mbili zilizopishana kwa miaka mingi, na sababu anazozitoa huhusu jukwaa: sauti ilikuwa safi au ilikwaruza masikio, mwimbaji alikuwa kwenye ubora wake au alichelewa hadi watu wakaanza kuondoka, wimbo uliosubiriwa uliimbwa au haukuimbwa. Kisa kinachochambuliwa hapa kimechaguliwa kwa sababu kinavunja mpangilio huo. Ni usiku mmoja, ukumbi mmoja na bendi moja, lakini kwa baadhi ya waliokuwepo ulikuwa usiku wa muziki mzuri ajabu, na kwa wengine ulikuwa usiku walipompoteza ndugu, rafiki au mwenzi. Wapo pia ambao usiku huo umeingia katika orodha zote mbili, nao hawajui wautoe katika ipi.

Hoja yangu ni kwamba tamasha analolikumbuka mhudhuriaji ni refu kuliko tamasha analolipanga mwandaaji. Mwandaaji huhesabu kuanzia taa za ukumbi zinapozimwa hadi zinapowashwa tena. Mhudhuriaji huanza kuhesabu akiwa nje, kwenye msongamano wa mlangoni, na hamalizi mpaka afike nyumbani na kusikia kilichotokea wakati yeye akishangilia. Mjini Cincinnati, jimbo la Ohio nchini Marekani, pengo kati ya hesabu hizo mbili lilichangia vifo vya watu 11.

Mlangoni

Jumatatu ya tarehe 3 Desemba 1979, bendi ya The Who kutoka Uingereza ilikuwa itumbuize katika ukumbi wa Riverfront Coliseum, kando ya mto Ohio. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa bendi hiyo kupanda jukwaani bila mpiga ngoma wake Keith Moon, aliyefariki Septemba 1978, na mashabiki walikuwa na hamu ya kuona kama bendi itaweza kusimama na Kenney Jones aliyechukua nafasi yake. Tiketi zote 18,348 zilikuwa zimekwisha. Kati ya hizo, 14,770, yaani takriban nne katika kila tano, hazikuwa na namba ya kiti: aliyeingia mapema alijichagulia mahali, na aliyechelewa alipata palipobaki.

Mtindo huo wa kuuza tiketi ulipendwa na pande zote mbili. Waandaaji waliupenda kwa sababu eneo la mbele lisilo na viti hubeba watu wengi zaidi, na halihitaji wahudumu wa kumpeleka kila mtu kwenye kiti chake. Mashabiki waliupenda kwa sababu ulimpa mwenye mapenzi ya kweli, hata kama mfuko wake ni mwepesi, nafasi ya kumwona mpiga gitaa kwa karibu. Lakini nafasi ya mbele ina thamani, na kitu chenye thamani kisipolipiwa kwenye dirisha la tiketi hulipiwa kwingine. Hapa kililipiwa mlangoni, kwanza kwa kusubiri na baadaye kwa kusukumana.

Watu walianza kufika mchana, saa nyingi kabla ya onyesho lililopangwa kuanza saa 2 usiku. Giza lilipoingia, maelfu walikuwa wamejazana kwenye uwanja wa zege ulio nje ya lango la magharibi, katika baridi ya Desemba. Haikuwa foleni, kwa maana ya mtu kusimama nyuma ya mwenzake na kujua zamu yake, bali umati uliokaza macho kwenye safu ya milango ya vioo iliyofungwa. Kila aliyesogea hatua moja aliifunga nyuma yake nafasi ya kurudi.

Ofisa wa polisi aliyesimamia ulinzi wa nje aliona msongamano unazidi, akawaomba waandaaji wafungue milango. Alijibiwa kwamba bendi ilikuwa haijamaliza kujaribu vyombo, na kwamba wakaguzi wa tiketi hawakutosha kwa milango mingi. Majibu hayo yana mantiki yake kwa mtu aliye ndani, anayehofia watu wasio na tiketi kupenya na ambaye kazi yake usiku huo ni kulinda mapato. Kwa mtu aliye nje, aliyebanwa kifua dhidi ya kioo, hayakuwa na maana yoyote, na kwa vyovyote vile hayakumfikia.

Milango ilipofunguliwa hatimaye, ilikuwa michache mno kwa umati ule; mashuhuda wengi huzungumzia jozi moja ya upande wa kulia kabisa. Waliokuwa mbele ya milango mingine iliyobaki imefungwa waligeuka kuelekea huko, na waliokuwa nyuma, ambao hawakuona mlango wowote, walihisi tu kwamba watu wanasogea, nao wakasogea. Kisha muziki ukasikika kutoka ndani. Wengine walisema baadaye kwamba ilikuwa bendi ikijaribu vyombo, na wengine kwamba ilikuwa filamu ya Quadrophenia, iliyotengenezwa kutokana na albamu ya bendi hiyo ya mwaka 1973, ikionyeshwa ukumbini kabla ya onyesho. Vyovyote ilivyokuwa, aliye nje alisikia jambo moja: tamasha limeanza, na mimi bado niko huku.

Masimulizi ya waliookoka yanafanana kiasi cha kutisha. Mikono ilibanwa ubavuni na haikuweza tena kuinuliwa, hivyo mtu hakuweza hata kujifuta jasho au kulinda kifua chake. Miguu iliacha kugusa chini, na mtu akabebwa na umati kushoto na kulia bila hiari yake. Mvuke wa joto la miili ulipanda juu ya vichwa ingawa hewa ilikuwa baridi, na wafupi walinyoosha shingo na kuinua kidevu wakitafuta hewa iliyo juu ya mabega ya wenzao. Viatu viling'oka miguuni na kubaki pale pale. Umati ulipopungua, polisi walikuta marundo ya viatu na nguo juu ya zege, na kati yake watu waliolala ambao mwanzoni ilikuwa rahisi kudhani wamezimia tu au wamelewa. Muda mfupi kabla ya saa 2 usiku ikatambulika kwamba kuna waliokufa. Waliopoteza maisha walikuwa 11, mdogo akiwa na umri wa miaka 15 na mkubwa miaka 27, na wengine zaidi ya 20 waliumia.

Ukumbini

Wakati huo huo, upande wa pili wa vioo, ukumbi ulikuwa unajaa na watu walikuwa wanacheka.

Habari ya vifo ilimfikia meneja wa bendi, Bill Curbishley, akiwa nyuma ya jukwaa. Swali lililokuwa mbele yake na mbele ya maofisa wa usalama lilikuwa zito kuliko yote ya usiku huo: onyesho lisimamishwe, au liendelee? Curbishley alishikilia kwamba liendelee. Alihofia kwamba maelfu ya watu waliosubiri siku nzima, wakiambiwa ghafla kwamba hakuna muziki, wangerudi kwa hasira au kwa hofu kupitia milango ile ile ambako majeruhi walikuwa bado wanahudumiwa. Onyesho likaendelea. Roger Daltrey, Pete Townshend, John Entwistle na Kenney Jones walipiga bila kujua lolote, na walielezwa ukweli baada ya kumaliza na kushuka jukwaani.

Uamuzi huo umelaumiwa mara nyingi, na ni rahisi kuelewa kwa nini, kwa sababu kuna jambo linalochukiza katika picha ya watu kuimba na kurukaruka mita chache tu kutoka kwenye maiti. Hata hivyo naona ulikuwa uamuzi sahihi katika dakika ile. Kosa lilikuwa limeshafanyika nje, na kulisimamisha onyesho kusingemrudisha yeyote, ilhali kungeweza kuongeza idadi. Linganisha na Roskilde nchini Denmark, tarehe 30 Juni 2000, ambako watu tisa walibanwa hadi kufa mbele kabisa ya jukwaa wakati Pearl Jam wakitumbuiza. Pale hatari ilikuwa mbele ya macho ya bendi, na bendi ilisimamisha muziki na kuwasihi watu warudi nyuma, kwa kuwa kusimama kulikuwa na faida ya moja kwa moja kwa waliobanwa. Cincinnati hatari ilikuwa nyuma ya ukuta na ilikuwa imepita. Kanuni ya "simamisha muziki mara moja", ambayo leo hurudiwa kama amri isiyo na ubaguzi, inategemea msongamano uko wapi na njia za kutokea ziko wapi.

Lakini uamuzi huo, hata ukiwa sahihi, ndio uliozaa kumbukumbu mbili. Watu wa ndani walipewa onyesho kamili, lenye mwanzo wake, kilele chake na nyimbo za ziada za mwisho, na hakuna aliyewaambia kitu. Wapo waliokuja kueleza baadaye kwamba bendi ilipiga vizuri sana usiku ule. Sioni sababu ya kuwatilia shaka.

Nguvu, taarifa, nafasi na muda

Mhandisi wa Marekani John J. Fruin, aliyetumia muda mrefu kuchunguza mwendo wa watu kwa miguu, aliandika mwaka 1993 makala kuhusu vyanzo vya maafa ya umati ambamo alipendekeza mambo manne ya kuangaliwa: nguvu, taarifa, nafasi na muda. Ukiupitisha usiku wa Cincinnati katika mambo hayo, unaona kwamba yote manne yaliharibika, ingawa si kwa uzito ulio sawa.

Nafasi na muda ni rahisi kueleza. Watu wengi walitakiwa kupita penye upenyo mdogo, tena ndani ya muda uliobanwa kati ya milango kufunguliwa na onyesho kuanza. Kama milango ingefunguliwa mapema kwa muda wa saa tatu, uwanja wa nje ungepungua kidogo kidogo bila mtu kugundua.

Nguvu ndilo jambo ambalo watu wengi hawalielewi mpaka yawakute. Fruin alieleza kwamba umati ukifikia takriban watu saba katika mita moja ya mraba, mtu mmoja mmoja hana tena uwezo wa kuamua aende wapi, na umati mzima huanza kwenda kama maji, wimbi likianzia nyuma na kufika mbele likiwa na nguvu ya kukunja vyuma vya vizuizi. Katika hali hiyo mtu hafi kwa kuangushwa na kukanyagwa. Hufa akiwa wima, kwa sababu kifua hakipati nafasi ya kutanuka na hewa haiingii. Aliye nyuma kabisa husukuma kidogo tu, labda kwa kuegemea mgongo wa mwenzake. Egemeo la watu mia moja likijumlishwa, halimhitaji mkatili hata mmoja ili liue. Ndiyo maana mlinzi anayesimama nyuma ya umati haoni dalili yoyote ya maafa, na aliye mbele hana sauti ya kumfikia.

Taarifa ndiyo kiini cha kisa hiki. Watu wa nyuma hawakujua kwamba mbele pamefungwa. Watu wa mbele hawakuwa na namna ya kuwaambia. Polisi wa nje hawakuwa na mamlaka juu ya milango, na wenye mamlaka juu ya milango hawakuwa na macho nje. Taarifa pekee iliyoufikia umati mzima kwa wakati mmoja ilikuwa muziki uliosikika kutoka ndani, nayo ilikuwa ya upotoshaji. Kipaza sauti kimoja kwenye uwanja ule, chenye mtu wa kusema kwamba onyesho halijaanza na kwamba hakuna atakayekosa, kingekuwa na thamani kuliko kikosi cha walinzi. Dalili zilikuwepo tangu awali pia: mwaka 1977, Led Zeppelin walipotumbuiza katika ukumbi huo huo, vurugu zilitokea milangoni na watu wengi walikamatwa. Somo lililochukuliwa wakati ule lilikuwa kwamba mashabiki ni watu wa kudhibitiwa, na fikra hiyo ya kudhibiti huifanya milango ifungwe zaidi badala ya kufunguliwa.

Hadithi iliyoandikwa kesho yake

Vyombo vya habari vya Marekani viliamka na maelezo yaliyokuwa tayari mdomoni: vijana wa muziki wa roki, wamelewa, wamepandwa na wazimu, wamekanyagana ili wawahi viti. Mwandishi mmoja wa safu maarufu ya gazeti aliwafananisha na washenzi. Maelezo hayo yalikuwa na faida kwa watu wengi, kwa sababu yaliuweka ubaya wa usiku ule ndani ya tabia ya waliokufa na wenzao, wala si ndani ya mpangilio wa milango.

Mwanasosholojia Norris R. Johnson wa Chuo Kikuu cha Cincinnati alirudi kwenye maelezo ya mashuhuda na kumbukumbu za polisi, na mwaka 1987 akachapisha utafiti uliopinga hadithi hiyo. Hakukuta umati wa watu waliokanyagana kwa ubinafsi. Alikuta watu waliojaribu kumwinua aliyeanguka ingawa nao hawakuwa na mikono huru, wanaume waliojaribu kuwakinga wanawake waliokuwa karibu nao, na wageni waliosaidiana kupumua na kusimama. Msaada ulikoma pale tu ambapo mwili haukuwa na uwezo tena. Walioendelea kusukuma walikuwa, kwa sehemu kubwa, wale wasiojua kinachotokea mbele yao.

Ninakaa kwenye jambo hili kwa sababu linagusa moja kwa moja namna watu wanavyolikumbuka tamasha baya. Anayeamini kwamba umati ule ulikuwa wa wanyama atakumbuka nyuso kwa namna moja, na anayejua kwamba mtu wa nyuma yake alikuwa akimshika kiunoni ili asianguke atazikumbuka kwa namna nyingine. Kwa miaka mingi, mtu aliyeokoka alitakiwa kuikumbuka hofu yake na wakati huo huo kujitetea dhidi ya shutuma kwamba yeye ni mmoja wa waliosababisha.

Kumbukumbu zinavyogawanyika

Watafiti wa saikolojia, Daniel Kahneman akiwa mmoja wao, walionyesha mwaka 1993 kwamba mtu hapimi tukio kwa kujumlisha kila dakika yake. Katika jaribio lao mashuhuri, washiriki waliweka mkono katika maji ya baridi yanayouma kwa sekunde 60, na mara nyingine kwa sekunde 60 zile zile zikifuatiwa na 30 zaidi ambapo maji yalipashwa joto kidogo. Walipoulizwa wangependa kurudia lipi, wengi walichagua la pili, ingawa lilikuwa na maumivu marefu zaidi, kwa sababu liliishia vizuri kidogo. Kilele na mwisho ndivyo vinavyobeba uzito.

Maelezo haya yanatosha kabisa kwa tamasha la kawaida. Onyesho lenye saa nzima ya ubovu na wimbo mmoja wa mwisho uliopigwa kwa moyo hutajwa kwa wema, na kila mwanamuziki mwenye akili hupanga nyimbo zake akijua hivyo. Kwa Cincinnati, hata hivyo, swali linakuwa gumu zaidi: mwisho ulikuwa wapi?

Kwa waliokuwa ndani na wasijue lolote, mwisho wa jukwaani ulikuwa mzuri. Wengine waliona magari ya wagonjwa na taa za polisi walipotoka, wakadhani pengine kulikuwa na ugomvi. Mwaka ule hapakuwa na simu ya mkononi. Mzazi aliyesikia kwenye redio au televisheni kwamba watoto wa watu wamekufa mlangoni hakuwa na njia ya kujua kama wake ni mmoja wao mpaka mlango wa nyumba ufunguliwe. Kwa hiyo mwisho halisi wa tamasha kwa vijana wengi haukuwa wimbo, bali uso wa mama au baba aliyekuwa macho akiwasubiri. Baada ya hapo, ile saa na zaidi ya furaha haikufutika. Ilibaki ilivyo, ila mwenye nayo akawa anaona haya kuitaja. Nadhani hili ni tofauti na kumbukumbu mbaya ya kawaida. Katika tamasha baya la kawaida furaha haikuwepo. Hapa ilikuwepo, tena kamili, na taarifa iliyokuja baadaye ikaikuta imeshakaa mahali pake.

Kundi la tatu ndilo linalonishughulisha zaidi, nalo halizungumziwi sana. Ni wale waliobanwa nje, wakapoteza kiatu kimoja au viwili, wakafikia hatua ya kuamini kwamba wanakufa, kisha wakasukumwa kupita mlangoni, wakasimama ukumbini wakihema, na muda mfupi baadaye wakaiangalia bendi waliyoilipia. Kwa mujibu wa kipimo cha kilele na mwisho, watu hawa walikuwa na vilele viwili vinavyopingana ndani ya jioni moja, na kila kimoja kilihusiana na kingine, kwa sababu nafuu ya kuwa hai huufanya muziki usikike kwa nguvu isiyo ya kawaida. Kesho yake walijifunza kwamba mtu aliyekuwa karibu nao katika wimbi lile huenda ndiye aliyekufa. Ukimwomba mtu wa namna hii alipange tamasha lake katika orodha, unamwomba atenganishe vitu ambavyo mwili wake uliviishi kwa pamoja.

Teknolojia haijaondoa mgawanyiko huu, kama mtu anavyoweza kudhani. Tarehe 5 Novemba 2021, katika tamasha la Astroworld mjini Houston, watu 10 walikufa kwa kubanwa katika umati wa takriban 50,000 huku Travis Scott akitumbuiza na onyesho likirushwa moja kwa moja mtandaoni. Kila mtu alikuwa na simu mfukoni, na bado maelfu waliokuwa sehemu nyingine za uwanja walicheza hadi mwisho bila kujua, wakazipata habari njiani wakirudi. Umbali wa mita chache katika umati uliokaza bado ni mrefu kuliko umbali wa mji hadi mji kwa simu.

Jiji lilichofanya

Cincinnati iliharakisha kuchukua hatua. Tarehe 27 Desemba 1979, wiki tatu na siku chache baada ya vifo, baraza la jiji lilipiga marufuku tiketi zisizo na namba ya kiti, na mwaka uliofuata kikosi kazi kilichoundwa na jiji kikatoa ripoti ndefu kuhusu usimamizi wa umati. Paul Wertheimer, aliyekuwa katika kikosi kazi hicho, aliifanya kazi hiyo kuwa ya maisha yake na akawa mmoja wa washauri wanaojulikana zaidi Marekani katika usalama wa matamasha. Kesi za madai zilimalizwa kwa makubaliano ya fidia mwaka 1983.

Marufuku yale yalikuwa na nia njema, na nadhani yalipatia nusu tu ya tatizo. Ni kweli kwamba kiti chenye namba kinamwondolea mtu sababu ya kuwahi. Lakini milango miwili kwa umati wa maelfu ni hatari hata kama kila mmoja ana kiti chake, hasa muziki ukisikika kabla watu hawajaingia. Miji mingine iliogopa zaidi ya hapo: meya wa Providence, jimbo la Rhode Island, alifuta onyesho la The Who lililopangwa Desemba hiyo hiyo, ingawa ukumbi wake ulikuwa na viti vyenye namba. Zaidi ya miaka 30 baadaye, bendi ilipopangiwa kurudi huko, ukumbi ulitangaza kwamba tiketi za 1979 zitakubaliwa, na wapo waliokuwa wamezitunza. Cincinnati yenyewe ililegeza marufuku mwaka 2002 kwa onyesho la Bruce Springsteen, kisha ikayafuta mwaka 2004, wakati ambapo waandaaji wengi walikuwa wakipeleka matamasha makubwa kwenye miji isiyo na sharti hilo.

Waliokuwa jukwaani wanastahili kuhesabiwa pamoja na mashuhuda wa ndani. Nao walipata onyesho kamili kwanza na habari baadaye, na ratiba ikawataka wawe Buffalo usiku uliofuata, ambako Daltrey alizungumza na hadhira kuhusu waliokufa kabla ya kuendelea na muziki. Miaka 40 baadaye, Townshend alisema hadharani kwamba anajutia jinsi walivyoondoka Cincinnati haraka badala ya kubaki na wafiwa. Bendi haikutumbuiza tena mjini humo hadi tarehe 15 Mei 2022, katika uwanja wa wazi wa TQL Stadium, katika onyesho lililofungamanishwa waziwazi na kumbukumbu ya wale 11. Wakati huo Entwistle alikuwa ameshafariki, mwaka 2002, na kati ya wale wanne waliopiga bila kujua usiku ule, waliopanda jukwaani walikuwa Daltrey na Townshend tu.